Mguu wa Kulia wa Fundi Cherehani

Niseme mapema ili tusije tukagombana: mimi si mtu wa kutafuta balaa. Nina miaka hamsini na mmoja, magoti yangu yote mawili ni mazima, na kwa miaka thelathini nimekaa kwenye cherehani katika chumba cha mbele cha nyumba yangu, nikishona sare, suruali na mapazia ya watu ambao kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Pikipiki nilizijua kwa kelele tu. Zikipita barabarani nafyonya, naendelea na kazi.

Balaa lilikuja lenyewe mpaka mlangoni. Shule ya kufundisha pikipiki iliyo nyuma ya soko iliniagiza vizibao thelathini vya njano kali, vyenye utepe wa kumulika, ili wanafunzi wao waonekane. Nilipovipeleka nilimkuta mwalimu wao kiwanjani, mtu mwembamba mwenye mvi na sauti isiyohitaji simu. Wanafunzi humwita Mwalimu Shingo, maana neno analolisema kuliko yote ni hilo: "Shingo! Geuza shingo! Tazama unakokwenda!" Alivikagua vizibao kimoja kimoja, akaivuta mishono, akaridhika. Kisha akaona macho yangu yameganda kwenye pikipiki ndogo nyekundu iliyoegeshwa kivulini.

"Kaa juu, mama," akasema. "Imezimwa. Haing'ati."

Nikakaa. Nikashika usukani. Mbele yangu kulikuwa na kiwanja kitupu, kipana, na sikuwa na kitu cha kushona ndani yake. Mnielewe. Cherehani yangu inatazama ukuta kwa sababu ndiko soketi ya umeme iliko, kwa hiyo miaka thelathini nimetazama ukuta. Naujua kila ufa wake. Pale juu ya pikipiki iliyozimwa, kwa mara ya kwanza nilikaa kwenye mashine nikaona mbali. Nilijiandikisha siku hiyo hiyo.

Kazi sasa ilikuwa kumwambia binti yangu.

Nyumbani tuko wawili, mimi na yeye. Baba yake alikwenda zake zamani na hatumtafuti. Binti ni muuguzi wa chumba cha dharura, na hasira amerithi kwangu, ila yake imesomea. Nilimwambia jikoni, alipokuwa anaosha vyombo, nikidhani mikono yenye povu haitagombana sana. Nilikosea.

"Mama, mimi kazini nashona nini?"

"Watu."

"Na hao watu wanatoka wapi? Juu ya pikipiki! Wiki hii peke yake wanne."

"Walikuwa wamefundishwa?"

"Usinipeleke huko."

"Nauliza tu. Walikuwa na helmeti?"

"Mmoja alikuwa nayo," akasema, akaweka sahani chini kwa kishindo. "Alikuwa ameivaa kwenye kiwiko. Kiwiko kilipona."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alijifuta mikono, akakaa kitini mbele yangu, na hapo nikaona kwamba si hasira, ni hofu. Aliniambia kwamba kila ving'ora vikilia hutazama kwanza viatu vya anayeingizwa, kabla ya uso, asije akavitambua. Na mimi sasa nataka kumwongezea jozi moja ya kuitafuta.

Hilo lilinichoma. Lakini nilikuwa nimekwisha kukaa kwenye kile kiti, na mtu hawezi kujisahaulisha alichokiona. Tukabishana mpaka chai ikapoa, tukafikia makubaliano ambayo yeye ndiye aliyeyatunga. Nitasoma Jumamosi zote nane bila kukosa. Nitavaa kila kitu, kuanzia helmeti mpaka viatu vya kufunika kifundo. Siku ya mtihani atakuja mwenyewe kutazama.

"Na ukishindwa, Mama, ndiyo mwisho. Hakuna kurudia, hakuna 'ilikuwa bahati mbaya.' Unaacha, na hatulizungumzi tena mpaka kufa."

"Na nikifuzu?"

"Nitafunga mdomo."

Nikasema sawa. Mdomo wangu una tabia ya kukubali mambo kabla kichwa hakijaulizwa.

Jumamosi ya kwanza hatukupanda kabisa. Tulijifunza kukagua tairi, kukaza mkanda wa helmeti usipite zaidi ya vidole viwili, kuisukuma pikipiki, kuilaza na kuiinua kwa miguu badala ya mgongo. Tulikuwa wanafunzi wanane, nami nitamtaja mmoja tu, daktari wa meno mrefu mwenye glavu za ngozi zilizonukia duka. Alitueleza kwamba ujanani alikuwa "anaendesha kidogo," na amekuja kupata karatasi tu. Jumamosi ya pili alikamata breki ya mbele kwa pupa akiwa amekunja usukani, akalala chini yeye na glavu zake. Nilimsaidia kuinuka. Nilijitahidi sana nisitabasamu, na nikashindwa.

Mungu si mjinga. Zamu yangu ikafuata.

Kwenye pikipiki ile, mkono wa kulia ndio unaoongeza mafuta na kushika breki ya mbele, mkono wa kushoto unashika klachi, mguu wa kushoto unabadilisha gia, na mguu wa kulia kazi yake ni moja: kukanyaga breki ya nyuma. Nilikuwa nimeyakariri yote hayo kitandani. Lakini Mwalimu Shingo alipopiga filimbi ya kuondoka, mguu wangu wa kulia ulikanyaga, pikipiki ikatikisika, ikazima. Nikawasha tena. Ukakanyaga tena. Mara sita. Mara ya saba nikaondoka, moyo ukafurahi, nikafika mwisho wa kiwanja ambako natakiwa kusimama, na pale pale mguu ule ule ukainuka. Ukaning'inia hewani. Mkono wa breki nao ulikuwa unausubiri mguu, ukakaa kimya. Kwa bahati nilikumbuka klachi, nikaingia kwenye rundo la matairi kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani. Sikuumia popote isipokuwa kwenye heshima.

Jumamosi ya tatu, vivyo hivyo. Ya nne, vivyo hivyo. Nikitaka kwenda nakanyaga, nikitaka kusimama nainua. Yale matairi yakaanza kuitwa kwa jina langu.

"Mama," akasema Mwalimu Shingo, akiwa amevua kofia anajikuna mvi, "nafundisha mwaka wa ishirini na mbili huu. Nimeona wanaokanyaga mno. Nimeona wanaosahau kukanyaga. Anayeinua mguu kwa bidii namna hii sijawahi kumwona. Nani alikufundisha?"

"Hakuna aliyenifundisha!" nikamkaripia, mtu mzima mwenzangu, mbele za watu. Nilirudi nyumbani na helmeti mkononi, nikijiambia kwamba pengine binti yuko sahihi, kwamba kuna watu wameumbiwa ukuta. Nililia kidogo. Kisha nikajikaza, nikaenda kumalizia suruali ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mteja asiyejua neno kesho.

Nilikuwa katikati ya mshono mrefu wa pembeni mteja mmoja alipogonga dirisha kwa nguvu, kwa fujo zake tu. Nikashtuka. Mguu wangu wa kulia uliruka wenyewe kutoka kwenye pedali, na cherehani ikasimama.

Sikumfungulia yule mteja. Nilibaki nimeutazama mguu. Nikakanyaga: cherehani ikakimbia. Nikainua: ikasimama. Nikakanyaga, nikainua, kama mwendawazimu, sindano ikitoboa hewa. Miaka thelathini! Kukanyaga ni kwenda, kuinua ni kusimama. Mguu ule haukuwa mjinga hata kidogo. Ulikuwa umehitimu zamani, katika shule nyingine.

Hapo hapo nikapiga magoti sakafuni, nikaisogeza pedali ya cherehani upande wa kushoto. Kuanzia siku ile mguu wa kushoto ndio utakaoshona, na wa kulia usahau kazi ya zamani. Ilikuwa balaa tupu. Mguu wa kushoto haukujua adabu. Ukiugusa unakimbia, ukiubembeleza unalala. Nilishona vifungo kwa mkono, nikafumua kuliko nilivyoshona, na uzi wa mwezi mzima uliniishia kwa wiki moja. Ile suruali ya mwalimu mkuu niliishona mguu mmoja ukafungika gotini, na kwa uchovu sikuona. Alipoijaribu nyuma ya pazia nikamsikia anarukaruka.

"Fundi," akaita kwa sauti ya upole unaotisha, "mguu wangu umekwenda na haurudi."

Nikamwomba radhi, nikamweleza kisa chote, nikitegemea matusi. Alitoka nyuma ya pazia na mguu mmoja ndani na mmoja nje, akaniangalia sana. "Shona polepole," akasema. "Mimi nina nyingine." Tangu siku hiyo sijamsema vibaya.

Na mguu wa kulia je? Huo niliupa kazi mpya. Chini ya meza niliweka tofali limelazwa, na binti akiwa zamu ya usiku, mimi nakaa kitini jioni, nafumba macho, najipigia kelele, "Simama!" na kulikanyaga lile tofali, huku mkono wa kulia unakamua mpini wa mwiko. Mara mia kwa siku. Binti alinikuta siku moja, akasimama mlangoni na begi lake la kazi.

"Mama, unamkanyaga nani?"

"Breki."

Akapita kwenda chumbani kwake. Lakini kesho yake nilikuta kitambaa kimeviringishwa juu ya tofali, nisiumie kisigino.

Jumamosi ya sita nilisimama. Si kila mara, lakini nilisimama. Ya saba, mara kumi kwa kumi, na Mwalimu Shingo akaenda mwenyewe kuyahamisha yale matairi. Na siku hiyo ndipo ilipotokea nisilolitarajia. Alituwekea njia nyembamba ya chaki, hatua ishirini kwa urefu, upana wa viganja vitatu, akatutaka tuipite taratibu, tusitumie chini ya sekunde ishirini, na mguu usiguse chini. Watu wakacheka. Kumbe polepole ndiyo ngumu. Pikipiki ikienda inajishikilia yenyewe. Ikitambaa inataka kulala, na kinachoizuia ni klachi iliyoshikwa nusu, mafuta yasiyotetereka, na mguu wa kulia unaoburuza breki kidogo tu, kidogo sana.

Kidogo sana! Nani mwingine pale alikuwa amezungusha kola elfu ngapi sijui, mshono baada ya mshono, kwa uzito wa kidole gumba cha mguu? Mguu wangu ukiisha kujua upande wa kukanyaga, hakuna aliyehitaji kuufundisha kiasi. Niliingia kwenye ile chaki, nikainua macho mbali kama Mwalimu alivyosema, nikaenda kama ninashona kola ya bwana harusi. Nilipotoka upande wa pili hakuna aliyekuwa anacheka.

"Thelathini na moja," akasema Mwalimu Shingo, akitazama saa yake, kisha akaitikisa kuona kama imeharibika. Daktari wa meno akaja kuniomba nimweleze ninavyofanya. Nilimweleza. Nilijisikia mkubwa, wacha nikiri, nikala chakula cha jioni nikiwa bado na kizibao cha njano.

Siku ya mtihani ilianza kwa manyunyu.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye filimbi, kibendera chekundu na ubao wa kuandikia, na uso ambao haukumjua mtu. Alituambia kwamba barabarani mvua hainyeshi kwa ruhusa, kwa hiyo tutaendelea. Binti alifika moja kwa moja kutoka zamu, hajalala, akakaa kwenye benchi lililolowa bila hata kulifuta. Nilimpungia. Alijibu kwa kidevu.

Daktari wa meno alitangulia. Koni za plastiki zilizopangwa za kupinda katikati yake alizipita vizuri, lakini kwenye njia ya chaki, sekunde ya kumi na saba, akagusa chini kwa ncha ya kiatu. Mkaguzi akapuliza filimbi. "Utarudi mwezi ujao," akamwambia, basi. Mwezi ujao. Yeye alikuwa na mwezi ujao. Mimi nilikuwa na leo tu.

Nikapita koni, shingo ikigeuka kabla ya usukani. Nikapita chaki, nikachelewa makusudi mpaka mkaguzi akainua macho kutoka kwenye ubao wake. Likabaki moja: kusimama ghafla. Unakuja kwa mwendo wa arobaini, mkaguzi anainua kibendera wakati wowote apendao, na unatakiwa usimame kabla ya mstari mweupe, bila kuteleza, bila kuanguka. Na ardhi ilikuwa inang'aa maji.

Nikaenda mwisho wa kiwanja, nikageuka. Nikasikia pumzi yangu mwenyewe ndani ya helmeti. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Arobaini. Kibendera hakikuinuka. Nikazidi kukaribia, mstari nauona, nikaanza kudhani mkaguzi amesahau, nikaanza hata kukasirika, na ndipo kikapanda.

Sikuamua kitu. Naapa sikuamua. Mkono ulikamua breki ya mbele, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu inayopanda, kama tulivyofundishwa kwa ardhi yenye maji, na mguu wa kulia ukashuka. Ukashuka, ukakaa. Pikipiki ikainamisha pua, tairi la nyuma likanong'ona kidogo nikalilegezea, na dunia yote ikasimama. Nilipotazama chini, tairi la mbele lilikuwa limebakiza shubiri moja kufika kwenye mstari.

Mkaguzi alikuja akaipima ile shubiri kwa kiatu chake. Akaandika. Akaandika tena. Ningeweza kuumaliza mshono wa pazia zima alipokuwa anaandika.

"Umefuzu," akasema.

Nilipiga yowe. Mwalimu Shingo alipiga yowe. Daktari wa meno, Mungu ambariki, alirusha glavu zake za bei mbaya juu, zikatua kwenye dimbwi. Nikashuka, nikaweka stendi, kwa maana hata mtu mwenye furaha anaweka stendi, nikalitafuta benchi.

Binti alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili, anachungulia kati ya vidole. Alikuja akiwa na mwendo wa kazini, akanishika mabega, akanishika viwiko, akainama akanibonyeza magoti yote mawili mbele ya watu wote.

"Hapa panauma?"

"Hapaumi popote, mwanangu."

Akafungua mdomo. Akakumbuka makubaliano, akaufunga. Machozi yakamtoka hivyo hivyo, kimya, na mimi nikamkumbatia na kizibao changu chenye maji.

Mwalimu Shingo ana sharti moja kwa kila anayefuzu: miezi mitatu peke yako, bila kumbeba mtu, mpaka barabara ikuzoee. Nililifuata. Nilinunua pikipiki ndogo iliyotumika, ya kijani, nikaisafisha kuliko nilivyowahi kusafisha sebule. Jumapili asubuhi nilitoka na kikundi cha waliosoma pale, tukifuatana kwa nafasi, wa mbele akinyoosha mkono kuonyesha shimo na sisi tukipokezana ishara mpaka wa mwisho. Nilijua jinsi kona inavyoanza kwenye macho kabla ya mikono. Nilijua harufu ya majani yaliyokatwa, ambayo ukiwa ndani ya gari huisikii. Nilicheka peke yangu ndani ya helmeti. Nilirudi nyumbani nikautazama ule ukuta bila kinyongo, nikashona.

Binti hakusema neno katika miezi hiyo yote. Aliliheshimu neno lake mpaka likaanza kunikera.

Jumapili ya kwanza baada ya miezi mitatu kutimia, niliamka nikamkuta sebuleni amevaa. Suruali nzito, koti, glavu, viatu vya kufunika kifundo. Mapajani alikuwa na helmeti mpya ambayo kikaratasi cha dukani hakijabanduliwa.

"Nipitishie mkanda vidole viwili," akasema, bila kunitazama. "Nimesoma kwenye daftari lako la mafunzo."

Nilimkaza mkanda. Nilivipima vile vidole viwili mara tatu, mimi ambaye natunga uzi kwenye sindano gizani. Nikamweleza akae karibu, alaze mwili pamoja na mimi kwenye kona, asihame hame. Akapanda. Mikono yake ikanizunguka tumbo, ikanibana kama mtu anayeshikilia mlango usifunguke, na nikahisi kifua chake kinapiga mgongoni mwangu. Mara ya mwisho nilimhisi hapo alikuwa hajaota meno.

Tulitoka mjini taratibu. Taa za kwanza alinibana. Lori la kwanza alinibana mpaka nikakosa pumzi. Kisha nyumba zikapungua, barabara ikanyooka katikati ya mashamba, upepo ukatuingia mikononi, na kidogo kidogo nikasikia mikono ile inalegea. Kona ya kwanza alilala pamoja nami bila kuambiwa. Kona ya pili nikasikia sauti nyuma, nikashtuka nikidhani analia. Alikuwa anacheka. Muuguzi wangu wa chumba cha dharura alikuwa anacheka kwa sauti yote, mdomo wazi, na akanipiga bega.

"Mama!" akapiga kelele. "Ongeza basi!"

"Kibao kinasema hamsini!" nikamjibu.

"Kidogo tu!"

"Hamsini!" nikasema, na sijawahi kulisema neno kwa furaha kama ile.